Shangazi, Nimpeleke Mwanangu Mbeya Akapimwe Akili?

Nakuandikia kutoka Kyela, upande wa ziwani. Mimi na mume wangu tunalima mpunga, na kakao tunayo kidogo. Mtoto wetu wa pili, wa kiume, ana miaka 9. Alipokuwa na miaka 3 malaria ilimpanda kichwani. Ilikuwa masika, maji yamefunga njia, nikambeba mgongoni mpaka tulipopata gari. Tulifika hospitali yuko kwenye degedege, akalala siku mbili hanitambui. Mungu akamrudisha.

Sasa yuko darasa la tatu na kusoma bado. Ukimtuma vitu vitatu dukani analeta kimoja. Kuna nyakati anaganda, macho yamekodoka, ukimwita haitiki, kisha anaendelea na mchezo kama hakuna kitu. Lakini mtoto huyohuyo anatengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona, na anapenda kufuatana na kaka yake kwenye mtumbwi kuvua usipa.

Mwalimu ameniambia nisipoteze hela ya madaftari. Muuguzi mmoja kasema nimpeleke Mbeya akapimwe akili. Mume wangu hataki: anasema wakishaandika kwenye karatasi kwamba hana akili, imekwisha, atatolewa shuleni. Shemeji anasema karogwa. Na mimi usiku najiuliza, ningewahi siku ile, angekuwa hivi? Na hiyo mashine ya kupima akili, inaumiza?

Mama wa Kyela

*

Mwanangu,

Nilitoe kwanza swali lako la usiku, maana ukiwa nalo hutasikia mengine. Malaria ikifika kwenye ubongo huenda kwa saa, haingojei siku. Wapo watoto waliokaa jirani na hospitali, wakafikishwa mapema, na bado ikawaachia alama. Wewe ulivuka maji ya masika na mtoto mgongoni, na leo ana miaka 9 anatengeneza magari. Hilo deni unalojidai usiku hudaiwi na mtu.

Alama ninayoisema inajulikana. Watafiti waliofuatilia watoto waliougua malaria ya ubongo Kampala, Uganda, walichapisha matokeo mwaka 2008: miaka 2 baada ya kupona, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la utendaji wa akili, kama umakini au kumbukumbu. Angalia neno "eneo". Mtoto anaweza kukwama kwenye kushika maagizo matatu kwa mpigo, huku mikono yake na macho yake yakifanya kazi vizuri kabisa. Barua yako inanielekeza huko, ingawa mimi si daktari wa kusema ndivyo ilivyo.

Ndiyo sababu nasema mpeleke. Ila usiende kuuliza "ana akili kiasi gani?" Uliza: "Anakwama wapi, na anapita wapi?" Ukiuliza la kwanza utarudi na namba, na namba hiyo mwalimu hawezi kuifundishia.

Mashine haipo. Mwanasaikolojia hukaa na mtoto mezani. Atamtajia tarakimu azirudie, kwanza kama zilivyo, kisha kinyumenyume. Atamsimulia hadithi fupi na kumwuliza baadaye anakumbuka nini. Atampa vipande vya kupanga maumbo, picha za kutaja, mistari ya kufuatisha. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na mtoto akichoka hupumzishwa. Daktari anaweza pia kuagiza kipimo cha kusoma umeme wa ubongo, ambapo mtoto hubandikwa nyaya kichwani. Hakiumizi, nacho hakisomi akili. Kinatafuta dalili za kifafa.

Hapo kwenye kifafa nakuomba usisubiri Mbeya. Huko kuganda kwake kunaweza kuwa kifafa, kwa sababu si kila kifafa humwangusha mtu na kumtoa povu. Kipo cha kukatika sekunde chache tu, na mtoto anayekatika mara nyingi darasani hukosa nusu ya somo bila mtu kujua. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, ueleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Kikithibitika, kina dawa, na hakiambukizi kwa mate wala kwa kula sahani moja. Mpaka daktari aseme, mtumbwi apumzike, na moto wa jikoni asiachiwe peke yake. Akiganda akiwa majini, sekunde kumi zinatosha.

Hapohapo waombe wampime macho na masikio, na damu, minyoo na kichocho, maana watoto wa mpunga na ziwa huvipata. Mtoto asiyeona ubao vizuri hufanana sana na mtoto asiyeelewa. Kisha uombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wanasaikolojia wa watoto ni wachache nchini, kwa hiyo hakikisha kwa simu siku anayopatikana kabla hujalipa nauli.

Sasa mkwe wangu, yaani mume wako. Mwambie woga wake una maana. Vipimo hivi vimewahi kuwaonea watoto. Mwanasaikolojia Robert Serpell alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza, akachapisha mwaka 1979. Aliwapa maumbo ya kuiga. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo wa kufinyanga, kama ule wa akina mama wa Ikombe, walilingana. Vichwa ni vilevile. Kilichobadilika ni kilichowekwa mkononi. Mwanao angepimwa kwa kalamu peke yake, gari lake lisingeonekana.

Ndiyo maana wengine wameamua kutengeneza vipimo vya kwetu. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, kipimo cha ukuaji wa watoto hadi miaka 6 kilijengwa kwa kuwapima watoto 1,426 wa vijijini, kikachapishwa 2010. Wa kwenu keshavuka umri huo, lakini funzo linamhusu: mtoto alinganishwe na wenzake. Kwa hiyo mweleze mpimaji kwamba nyumbani mnasema Kinyakyusa, na Kiswahili alikikuta zaidi shuleni. Akishindwa swali, mwombe ajaribu kumweleza kwa namna nyingine. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule karibu na Bagamoyo, matokeo yao yakatoka 2002, waliwapima, wakawafundisha kidogo namna ya kuyashika maswali, wakawapima tena, na alama zikapanda. Mtoto anayeshika akielekezwa anayo nafasi, hata kama alama ya kwanza ilikuwa chini.

Na kuhusu kutolewa shuleni, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda mtoto mwenye ulemavu asome. Karatasi anayoiogopa baba ndiyo itakayokupa nguvu mbele ya mwalimu, kwa sababu itasema cha kufanya: akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, aongezewe muda. Hayo hayana gharama, na unaweza kuyaanza nyumbani kesho. Badala ya "lete chumvi, sabuni na kiberiti", mchoree vitu vitatu kwenye kipande cha karatasi aende nacho. Majibu yakitoka, omba yaandikwe, ubaki na nakala, na usiyapeleke kilabuni wala kisimani.

Shemeji yako, yule wa kurogwa, usigombane naye. Akitaka kumwombea mtoto, aombe. Akitaka kumchanja chale au kumkatiza dawa, hapo simama.

Nimalizie na safari. Nendeni siku moja kabla, mlale kwa ndugu, maana mtoto aliyeamshwa alfajiri na kutapika kwenye kona za Tukuyu atapimwa uchovu. Mchukulie sweta; Mbeya si Kyela. Ale kabla ya kuingia. Beba kadi yake ya kliniki, karatasi za hospitali za ile malaria kama zipo, na madaftari yake, hata yale yenye makosa mekundu matupu.

Na gari la waya, mwache alibebe mwenyewe. Akiulizwa ule usukani unakataje kona, akaanza kueleza, wewe kaa kimya usimsaidie. Hapo kipimo kitakuwa kimeshaanza.

Shangazi yako