Kujinyoosha Kabla ya Mazoezi: Kunakinga Msuli?

Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Baba wa makamo aliyekaa kitini wiki nzima ameshika mwamba wa goli kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili anavuta kisigino hadi makalioni. Anahesabu kumi, anabadili mguu, anainama aguse vidole, kisha huyo, kaingia na maveterani wenzake. Mpira wa tatu anaoukimbilia, anasimama ghafla, kashika nyuma ya paja. Nje ya chaki wanaulizana: si alijinyoosha huyu?

Alijinyoosha, tena vizuri. Tatizo ni kwamba kusimama tuli na kuvuta msuli hakumkingi mkimbiaji kama tulivyofundishwa shuleni.

Nyama za nyuma ya paja huchanika mara nyingi mtu akiwa kwenye mbio za kasi, pale mguu umetupwa mbele na unakaribia kukanyaga. Wakati huo msuli unarefuka, na hapo hapo unakaza kuuzuia mguu usirushwe zaidi. Ni breki. Anayechanika si lazima awe na msuli mfupi; mara nyingi breki yake ni dhaifu, au imechoka.

Suala la kujinyoosha limepimwa. Mwaka 2000 zilitolewa habari za makuruta 1,538 wa jeshi la Australia, waliofuatiliwa kwa wiki 12. Wote walipasha mwili, ila karibu nusu waliongezewa kunyoosha misuli ya miguu kabla ya mazoezi. Walionyoosha walipata majeraha 158 ya miguu, wasionyoosha 175, na hao wa pili walikuwa wengi kidogo. Tofauti ya maana haikuonekana. Walioumia zaidi ni waliofika kambini wakiwa hawana pumzi.

Usielewe kwamba kujinyoosha ni dhambi. Anayecheza sarakasi au karate anahitaji viungo vilegee, na wengi husikia raha tu. Ila ukiuvuta msuli mmoja zaidi ya dakika nzima kabla ya mbio, nguvu zake hupungua kwa muda.

Kinachosaidia ni kupasha mwili kwa mwendo. Tembea haraka, kimbia taratibu, inua magoti, rusha miguu mbele na pembeni, chuchumaa na kuinuka, kisha ongeza kasi kidogo kidogo. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mjini Lagos, timu za vijana wa mpira zilizofuata mpango wa namna hii, wenye mbio, mazoezi ya nguvu na ya kusimama kwa mguu mmoja, zilipunguza majeraha kwa takribani asilimia 41.

Kuna zoezi moja la nyumbani lisilohitaji hata senti. Kunja mkeka, piga magoti juu yake. Mwenzako akushike vifundo vya miguu barabara. Mtoto mdogo hatakuweza. Nyooka kuanzia magotini hadi kichwani, usikunje kiuno, kisha jiachie kwenda mbele polepole huku nyuma ya mapaja ikikuzuia. Ukishindwa, pokea sakafu kwa viganja. Wiki ya kwanza fanya siku moja tu: mara tano, pumzika, mara tano tena. Kesho yake utashuka ngazi kama mzee. Hayo ni maumivu ya kawaida ya msuli usiozoea, yanaisha. Wiki ya pili fanya siku mbili, baadaye tatu. Nchini Denmark zoezi hili lilijaribiwa kwa wachezaji 942: timu zilizolifanya zilipata majeraha mapya na ya kujirudia 15 ya nyuma ya paja, zisizolifanya 52. Mwenye goti bovu aulize kwanza kwa mtaalamu.

Na msuli ukishavutika? Acha kucheza, hata kama timu imebaki pungufu. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 10 hadi 15, pumzisha mguu. Siku mbili za mwanzo usichue wala kukanda kwa maji moto, hata kama jirani ana mkono mwepesi wa kuchua. Msuli uliochanika unaweza kuzidi kuvuja damu ndani. Ukisikia kitu kimepasuka, ukashindwa kukanyaga, mguu ukafa ganzi au ngozi ikawa nyeusi sana, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyewahi kuchanika asirudi kwenye mbio za kasi kwa sababu tu maumivu ya kutembea yameisha: msuli ulioumia ni mwepesi kuumia tena, na wengi hurudia pale pale.