KUUFUATA UGONJWA NYAYO KWA NYAYO

Hebu fikirieni mwenzenu wa bwenini kaamka na homa kali. Matroni anamwuliza, "Jana ulikaa na nani? Ulikula na nani?" Wengi wetu tutasema huo ni umbeya. La hasha! Hiyo ndiyo kazi ya kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa, na kule Nigeria iliwaokoa wengi.

Tarehe 20 Julai 2014, abiria mmoja kutoka Liberia alishuka uwanja wa ndege wa Lagos akiwa taabani. Alikuwa na Ebola. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alikataa katakata kumwachilia atoke hospitalini, ingawa alishurutishwa. Mgonjwa alifariki baada ya siku chache. Daktari naye aliambukizwa, akafa tarehe 19 Agosti.

Sasa basi, kazi yenyewe hufanywaje? Mwenye Ebola haambukizi kabla ya dalili kutokea, kwa hivyo wafuatiliaji huanzia siku dalili zilipoanza. Nani alimshika? Nani alimwosha? Nani alifua shuka zake? Kila jina huandikwa. Kisha kila mmoja hutembelewa na kupimwa joto la mwili kila siku, kwa siku 21 tangu alipokutana na mgonjwa mara ya mwisho, kwani ugonjwa huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Akiugua hutengwa mara moja, naye pia huulizwa watu wake.

Lakini mmoja wa waliokuwa wakifuatiliwa Lagos alitoroka, akaenda Port Harcourt, akatibiwa kwa siri hotelini. Yeye alipona; daktari aliyemtibu akafa, na mamia ya watu wakaongezwa orodhani. Mimi simlaumu sana, hofu ni hofu. Mfuatiliaji akibisha hodi kama polisi, atafichwa majina. "Taja wenzako!" na "Tusaidie tuwafikie kabla hawajaugua" ni swali lile lile, ila la pili ndilo hujibiwa. (Na kuna watu shuleni humu wanaosema ati lugha haina kazi!)

Mwishowe majina yalifika 894. Zidisha kwa 21 uone! Ziara zilikuwa kama 18,500, ana kwa ana. Waliougua walikuwa 20, waliofariki 8, na tarehe 20 Oktoba 2014 Nigeria ikatangazwa kuwa haina Ebola.