Somo la Ijumaa: Hakikisha kwanza, ndipo umwache mtoto aende

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu wa Saio,

Leo tunasoma Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anatuamuru kwamba mtu asiyeaminika akituletea habari tuichunguze, tusije tukadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Wazazi wa watoto wa sekondari, aya hii ni yetu.

Waasi wa ADF hawamwambii kijana, "Twende tukaue." Waliotoroka porini wameeleza walivyodanganywa: huyu aliahidiwa kazi, yule masomo ya bure nje ya inchi. Walipofika walikuta bunduki, na anayejaribu kurudi anauawa.

Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini sekondari mzazi bado analipa. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya minervali anakaa barabarani na uchungu moyoni. Hapo ndipo anatokea mgeni mwenye maneno matamu na aya mbili tatu mdomoni.

Wewe mwanafunzi, pima maneno hayo kwa matendo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, Uganda, ng'ambo ya Kasindi. Waliua wanafunzi zaidi ya 30, wengine kwa moto ndani ya bweni. Julai 2025, hapa kwetu Komanda, waliua zaidi ya watu 40, wengi wakiwa kanisani katika mkesha wa sala. Sura Al-Maida, aya ya 32, inatufundisha kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote. Basi hiyo ni jihadi gani?

Sheikh Ali Amini wa Beni aliwakemea hadharani. Tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, alipigwa risasi msikitini akafa. Sisi tukinyamaza, nani atawaambia watoto?

Kwa hiyo tushike mambo matatu:

1. Mtu akimwahidi mtoto wako masomo au kazi, uliza: shule gani, mji gani, nani analipa? Akisema ni siri, mama asijue, huo ni mtego.

2. Mzazi uliyeshindwa minervali, njoo kwangu baada ya sala, usione haya. Nanyi mliojaliwa, toeni zaka na sadaka. Mtoto aliye darasani si rahisi kumwiba.

3. Mtoto akibadilika, akajitenga na kuwaita wazazi wake makafiri, usimfukuze. Keti naye, kisha mlete kwa mwalimu wake wa madrasa. Wala usimshuku mtoto wa jirani kwa sababu ya kanzu au ndevu tu. Aya inatukataza hilo pia.

Ee Mola, walinde watoto wetu, warudishe waliopotea, utupe amani Ituri. Amin.