Kilo 92 za nini? Kusoma maelekezo ya mbolea yanayochanganya

Wakati wa kukuzia mahindi ukifika, maswali mengi ninayopata ni ya hesabu kuliko wadudu. Chukua zoezi hili:

"Weka kilo 92 za naitrojeni kwa hekta, kwa awamu mbili zilizo sawa, ukitumia Urea." Shamba lako ni ekari 5. Ununue mifuko mingapi ya kilo 50?

Sentensi ni fupi ila ina mitego mitatu. Usikimbilie kikokotoo, isome kipande kwa kipande.

1. Kilo 92 za nini? Za naitrojeni, siyo za Urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, namba hiyo iko kwenye mfuko. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu.

2. Kwa eneo gani? Hekta, siyo ekari. Hekta 1 ni karibu ekari 2.5, hivyo ekari 5 tuziite hekta 2.

3. Kilo 92 ni za kila awamu au jumla? Ni jumla, ndiyo inayogawanywa mara mbili. Ingekuwa vingine, wangeandika "kila awamu". Kama bado una shaka, uliza kabla hujalipa dukani.

Sasa hesabu ni nyepesi:

Naitrojeni inayotakiwa: 92 × 2 = kilo 184
Mifuko: 184 ÷ 23 = 8
Kila awamu: 8 ÷ 2 = mifuko 4

Ukichanganya hekta na ekari, utanunua mifuko 20. Hapo mifuko 12 ni hela uliyoitupa, na mbolea ya ziada inaweza kuunguza mimea. Ukidhani kilo 92 ni za Urea yenyewe, utanunua mifuko isiyofika 4, halafu utashangaa majani ya chini yanageuka njano kuanzia kwenye ncha. Hiyo ni njaa ya naitrojeni.

Kumbuka, kilo 92 ni za zoezi tu. Kipimo cha shamba lako kitokane na udongo wako na mavuno unayolenga.

Jaribu mwenyewe: shamba lilelile, lakini dukani wana CAN ya asilimia 27. Ukipata karibu mifuko 14, umeelewa. Ukipata 8, rudi kwenye mtego wa kwanza.