Siku ya Mapumziko Hulipwa na Nani?

Tuanze na hesabu. Mfanyakazi wa kiwandani anafanya kazi saa 48 kwa wiki, na kila saa anakamilisha vifaa 5. Wiki ikiisha ametoa 240. Mpunguzie saa ziwe 40, kasi ibaki ileile, atatoa 200. Ili arudi kwenye 240 lazima afikishe vifaa 6 kwa saa. Yaani saa zimepungua kwa sehemu moja ya sita, ila kasi inatakiwa kupanda kwa sehemu moja ya tano. Mshahara, faida na kodi vyote vinatoka kwenye vifaa hivyo, kwa hiyo kila swali kuhusu wiki fupi linaanzia hapo.

Mwaka 1926 Henry Ford aliwapa wafanyakazi wa viwanda vyake vya magari nchini Marekani wiki ya siku 5 za saa 8 badala ya siku 6. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara: mtu anayeshinda kazini hana nafasi ya kutumia vitu, lakini mwenye Jumamosi yake atataka nguo, matembezi, na gari la kumpeleka huko. Ni kweli. Matumizi yanataka muda, si pesa tu.

Pesa yenyewe ilitoka wapi? Tangu 1913, kwenye kiwanda chake cha Highland Park, gari lilianza kuletwa kwa mfanyakazi kwenye mstari unaosogea, badala ya yeye kulifuata. Muda wa kuunganisha chasisi ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Jumamosi ya 1926 ilikuwa imeshalipiwa zamani. Wanaoanza kumsimulia Ford mwaka 1926 wanairuka sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Kasi isipopanda, mambo ni mengine. Mshahara ukikatwa, mtu anabaki na siku huru na mfuko mwepesi. Usipokatwa, mwajiri anapunguza faida au anapandisha bei, na pesa inayotumika Jumamosi inakuwa imetoka mfuko wa mtu mwingine. Matumizi yamehama tu. Mama lishe wa getini kiwandani anapoteza mauzo ya siku nzima. Muuza samaki wa mtaani kwa mfanyakazi anayapata.

Uingereza, mwaka 2022, kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 zilijaribu wiki fupi kwa mshahara kamili, na nyingi zikaendelea nayo. Sishangai. Ofisini kuna vikao vya kufupisha na ripoti zisizosomwa na mtu.

Wodini hakuna. Nafasi moja ya muuguzi, usiku na mchana, ni saa 168 kwa wiki. Kwa wiki ya saa 40 inahitaji wauguzi 4.2, kwa saa 32 inahitaji 5.25. Dripu haikimbii kwa sababu zamu imefupishwa. Kila nafasi inadai muuguzi mmoja zaidi na ushee, na mshahara wake utatoka kwenye kodi au kwenye bili ya mgonjwa. Mimi nataka wauguzi wapumzike, maana aliyechoka hukosea dozi. Ndiyo sababu nataka gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti kabla siku ya mapumziko haijatangazwa.