Kingamwili za Kisukari na Asili ya Mgonjwa

Kliniki za kisukari zinazohudumia Jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru hupokea Wameru, Waarusha, Wamaasai, Wachaga na Watanzania wenye asili ya Asia. Je, kipimo kimoja cha damu kina maana ileile kwa wote?

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na kuacha alama katika damu: kingamwili, kama ile iitwayo GAD. Alama hizo huonekana kwa wagonjwa wengi wenye asili ya Ulaya. Barani Afrika hali ni tofauti. Utafiti wa mwaka 2025 uliohusisha watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, walioanza kuugua kabla ya umri wa miaka 30 na kutibiwa kama wa aina ya kwanza, ulibaini kuwa takribani 65 kati ya kila 100 hawakuwa nazo. Kinyume chake, mtu mzima anayedhaniwa kuwa na aina ya pili aweza kuwa nazo, na hatimaye akahitaji insulini.

Kwa hiyo mhudumu asisitishe insulini kwa sababu tu kingamwili hazikuonekana, wala asiamue aina ya ugonjwa kwa kabila. Apime pia umri, uzito, historia ya mgonjwa na mwenendo wa sukari. Mgonjwa naye asiache dawa bila ushauri. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dalili za kuwahi hospitali.