Sosi inapobadilisha namba kwenye kifaa

Swali: Natengeneza sosi ya nyanya. Nikiipima kwa kifaa chenye kijiti kinachozunguka, kila nikiongeza kasi, mnato unashuka. Je, kifaa kimeharibika?

Jibu: Sidhani, sosi ndiyo yenye tabia hiyo. Ikitulia, nyuzinyuzi za nyanya hushikamana. Ikikorogwa huachiana, nayo ikawa nyepesi. Ukitaka kukihakiki kifaa, pima gliserini: katika jotoridi lilelile, mnato wake haubadiliki hata kasi ikibadilika.

Kwa hiyo kila unapoandika mnato, andika pia kasi, namba ya kijiti, jotoridi na muda uliosubiri kabla ya kusoma. Mnunuzi anayedai “mnato 3000” bila kutaja kasi hajakuambia kitu.

Kwa kazi ya kila siku ningechagua kipimo cha Bostwick: kihori cha chuma chenye kijimlango, na sakafuni mistari ya sentimita. Kilaze sawasawa kwa pimamaji, jaza chumba cha nyuma, sawazisha juu, fyatua mlango. Baada ya sekunde 30, soma sosi imefika wapi. Majimaji yakichuruzika mbele, yaache. Soma ukingo wa sosi yenyewe.